Gari Lenye Mtandao Wake

"Kayanga kufanya nini?" Gosbert aliuliza huku anatafuna. "Huo mtandao Jovitha anaoufuata Kayanga mimi ninao hapo nje."

Akanyoosha kidole chenye mafuta kuelekea uani, kwenye gari jeupe lililoegeshwa kando ya migomba. Alikuwa amefika jana yake kutoka Bukoba pamoja na mkewe, Kemirembe, na tangu ashuke hakuwa na hadithi nyingine. Gari jipya, si mtumba. Limetoka kiwandani na laini yake humo ndani, halihitaji simu ya mtu. Likitembea linatembea na intaneti, na kila aliyemo anaunganisha simu yake anaperuzi mpaka achoke. Majirani wote wa pale Nyakakika waliopita kusalimia asubuhi hiyo walishaitwa waje kuchungulia kioo kikubwa cha mbele, na wote walishasema "Mawe!" kwa mshangao, kama walivyotarajiwa kusema.

Adventina alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, bakuli la maharage mkononi. Mgeni huyu alikuwa kaka mkubwa wa mume wake, na yeye hakulelewa kubishana na mkubwa wa mume anapokula. Lakini siku hii alikuwa ameipanga kwa wiki mbili.

"Shemeji, nimeshaongea na mwalimu Placidia," alisema. "Anamfungulia ofisi. Kompyuta ipo, umeme upo. Bodaboda anakuja saa tatu. Jovitha afanye usaili wake saa nane kwa utulivu, na sisi twende kwenye posa."

"Na kikapu abebe nani?"

Kikapu cha posa hubebwa na msichana wa ukoo ambaye hajaolewa. Mabinti wa Gosbert walishaolewa wote, na katika ukoo mzima aliyebaki mwenye umri wa kubeba alikuwa Jovitha, mwanawe, mwenye miaka kumi na tisa, ambaye wakati huo alikuwa nyuma ya nyumba anajisemesha peke yake: kwa nini unataka kuwa muuguzi, kwa nini unataka kuwa muuguzi.

"Nimwombee mke mwanangu Gideon, kikapu abebe Kemirembe?" Gosbert akacheka. "Usaili si wa simu? Si anakaa tu anaongea? Ataongelea ndani ya gari, kiti cha ngozi, kiyoyozi. Huko Kayanga kwenyewe umeme ukikatika utamlilia nani?"

Kemirembe alicheka kidogo, kwa kuwa mumewe alikuwa anacheka. Adventina akamgeukia mume wake. Telesfori alikuwa anaangalia sahani yake.

"Baba Jovitha," alisema. "Sema na wewe."

"Kaka ameshasema," Telesfori alijibu.

Ndivyo alivyokuwa Telesfori. Shambani alikuwa mtu wa maneno, kwenye mkutano wa kijiji mtu wa maneno, na mbele ya kaka yake alikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Adventina aliinuka na bakuli lake. Alitaka kulibamiza chini. Akalipeleka jikoni, akaenda kumwambia mwenye bodaboda asije.

Kilichomkera zaidi ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya hao waliokuwa wanakula aliyeuliza usaili wenyewe ni wa nini. Ulikuwa wa kusomea uuguzi, miaka mitatu, chuo na chakula na sare, vyote vinalipiwa na wafadhili. Wasichana zaidi ya mia nne wa wilaya waliomba. Waliobaki ni sita, wanaotafutwa ni wawili. Barua ilisema saa nane kamili mchana, kila mmoja dakika kumi na tano, na asiyepatikana nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Jovitha alishakosa mkopo, alishakosa chuo cha kwanza, na mwaka mzima alikuwa ameshinda shambani akipalilia migomba na vyeti vyake vimekaa ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro. Hakukuwa na barua nyingine iliyokuwa njiani.

*

Waliondoka saa nne. Gosbert na mkewe mbele. Telesfori, Adventina na Jovitha nyuma. Kikapu chenye vitenge, sukari na buni za kutafuna kikakaa miguuni pa Jovitha, na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, mapajani mwa Telesfori, aliyekikumbatia njia nzima kwa kuwa Gosbert alimwambia kikimwagikia viti atavisafisha kwa ulimi.

Gosbert aliweka simu yake kwenye kishikizo, akampigia Gideon aliyekuwa kazini Dar es Salaam. Uso wa kijana ukatokea kwenye kioo cha gari, mkubwa, anacheka. "Shikamooni wote! Mama mdogo, mwanasheria wangu!" Adventina akacheka pia, maana Gideon alikuwa kijana mwema. Ni yeye aliyemfuata mwaka jana, akamwambia amempenda msichana mmoja anaitwa Vero, kumbe ni mtoto wa Byarugaba, wa ukoo wa kwao Adventina kule Kyerwa. Ndiyo maana leo Adventina ndiye aliyekuwa anawapeleka. Bila neno lake mlango wa Byarugaba usingefunguliwa.

"Unaona mwanangu? Tunakwenda na wewe uko humu humu," Gosbert alisema. "Hakuna kukatika. Hii ndiyo intaneti, siyo zenu za kununua vocha ya mia tano."

Pale Omurushaka walisimama wajaze mafuta. Jovitha aliomba simu ya baba mkubwa, akafungua barua pepe yake, akajaribu ile njia ya kuingilia kwenye usaili. Ikafunguka mara moja, ikaandika kwamba mkutano haujaanza. Kusema haki, ilifanya kazi vizuri. Simu ya nyumbani kwao ilikuwa kitochi tu, kimefungwa kwa mpira ili betri isitoke.

Adventina alimfuata Gosbert kwenye pampu.

"Shemeji, waitu, tafadhali, naomba kitu. Hapa Kayanga ni karibu. Mtoto apande bodaboda sasa hivi. Kikapu nitabeba mimi, nitawaeleza watu wangu, watanielewa."

"Wewe mama mzima mwenye watoto utabeba kikapu cha posa? Unataka wasemeje?"

"Watasema nimekosea. Ni mimi watakayemsema."

Gosbert alimtazama kijana wa mafuta, akamtazama Telesfori aliyekuwa bado amekumbatia kibuyu, kisha akapaza sauti kidogo ili wote wasikie. "Mama Jovitha, kidato cha tano na cha sita huyu mtoto alilipiwa na nani?"

"Na wewe, shemeji."

"Nilimsomesha kwa akili za nani? Kwa hizi hizi akili zangu unazoziona hazitoshi. Ingia twende."

Akaingia. Jovitha alikuwa amesikia yote kupitia dirishani. Alimshika mama yake mkono akamwambia polepole, "Mama, acha. Imefunguka, si umeona? Itafunguka na huko."

*

Kuanzia Nkwenda barabara ilipanda na kushuka, kahawa huku, migomba kule, vumbi jekundu likibaki nyuma. Hii ilikuwa nchi ya Adventina. Aliijua kona hadi kona. Walipopanda mlima wa mwisho kabla ya kwao, ule ambao ukifika juu unaona bonde la mto Kagera na vilima vya Rwanda ng'ambo, macho yake yalikuwa kwenye kioo cha gari, juu pembeni, kwenye saa. Tangu Omurushaka hakuwa ameyatoa hapo.

Saa saba na dakika sita. Uso wa Gideon ukaganda kidogo, mdomo wazi. Kisha ukaendelea kuongea, safi kuliko mwanzo, na saa ikaandika saa sita na dakika saba.

"Shemeji," Adventina alisema, "saa imerudi nyuma."

"Nini?"

"Saa ya gari. Ilikuwa saa saba, sasa inasema saa sita. Huku simu hushika mnara wa ng'ambo. Wenzetu wa Rwanda wako nyuma yetu saa nzima. Nyumbani kwetu kila mtu anajua, mgeni akija tunamwambia asiiamini simu yake."

Gosbert aliangalia kioo, akaangalia simu yake kwenye kishikizo. Zote mbili ziliandika saa sita na dakika saba.

"Simu zenu," alisema. "Hili si simu. Hili linachukua saa yake kwenye satelaiti. Mwanzo ilikuwa imekosea, sasa imejisahihisha. Gari la kisasa linajisahihisha lenyewe."

"Shemeji, tumetoka nyumbani saa nne. Kutoka Nyakakika mpaka hapa kwa saa mbili tu, kwa barabara hii?"

"Kwa gari hili, ndiyo."

Kemirembe alikuwa amevaa saa ya mkononi, ndogo, ya dhahabu. Adventina alimwona akiinua mkono, akiitazama, akitazama kioo, akiitazama tena. Kisha akavuta mkono wa gauni lake, akaifunika. Adventina alisubiri aseme. Gari likashuka mlima, likavuka daraja la miti, na Kemirembe akawa anatazama migomba.

Hapo ndipo hasira ya Adventina ilipobadilika. Tangu asubuhi ilikuwa hasira ya mtu anayebembeleza. Sasa ilikaa kifuani, ikatulia, ikawa nzito.

*

Wageni wa posa hawaingii tu. Wanasimama nje ya ua mpaka waitwe, na wenyeji wakijua thamani ya binti yao hawana haraka ya kuita. Kijana mmoja alitoka kwa Byarugaba, akawasabahi, akasema wazee bado wanakaa sawa, wasubiri. Wakasubiri ndani ya gari, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinapuliza. Kioo kilikuwa kinasema saa sita na nusu.

Kama kuna kitu Adventina hatakuja kukisahau ni huko kusubiri. Hawakuwa njiani. Hawakuwa na kazi. Gari lilikuwa linanguruma chini chini, alama za mtandao zimejaa zote mpaka juu, na simu iliyokuwa na barua pepe ya Jovitha ilikuwa mkononi mwa Gosbert, anamwonesha Gideon mapaa ya nyumba ya wakwe.

"Baba mkubwa," Jovitha alisema, "naomba nijaribu tu sasa. Kama bado, itaniambia bado."

"Saa sita na nusu unajaribu usaili wa saa nane? Watu wakubwa wale, wakuone unabisha hodi kabla ya wakati kama mwombaji? Ndiyo tabia mliyofundishwa?"

"Ni kuingia tu, baba mkubwa, hawatan..."

"Nimesema bado."

Dakika ishirini na tano zilipopita bado hawajaitwa, Adventina alitoa kwenye pindo la kitenge kitochi chake, ambacho saa yake huwekwa kwa mkono. Alikiangalia, akainama mbele katikati ya viti viwili, akakiweka mbele ya uso wa Gosbert.

"Saa nane kasoro dakika tano," alisema.

Gosbert alikichukua kwa vidole viwili. Akamwonesha mkewe ule mpira. "Hiki betri ikicheza tu kinaanza upya tangu siku ya uumbaji. Gari la mamilioni linasema moja, simu yangu inasema hilo hilo moja, na hiki kinasema lake. Mama Jovitha, mimi nimekuheshimu leo vya kutosha. Telesfori! Huyu mke wako anataka kuniaibisha mbele ya ua wa watu?"

Telesfori alikisogeza kibuyu pajani. "Mama Jovitha, nyamaza. Tutasikika huko ndani."

"Wasikie!"

"Nyamaza."

"Mama, nyamaza," Jovitha naye alisema, kwa sababu Gosbert alikuwa ameiweka simu mfukoni na yeye alijua ataitoa kwa wakati wake tu, na asipochokozwa. Kwa hiyo Adventina akanyamaza. Alikaa na kitochi chake, akakitazama kikifika saa nane kamili, na moja, na mbili, na tatu. Huko Dodoma, kwa wafadhili, watu walikuwa wanamwita mwanawe kwa jina, na mwanawe amekaa kwenye kiti cha ngozi na kikapu miguuni, mita moja kutoka kwenye simu.

Alisema tena kwenye dakika ya tano. Gosbert akaongeza sauti ya redio.

*

Waliitwa ndani. Gosbert aliliacha gari likiwaka ili mtandao ufike mpaka sebuleni, maana alitaka Gideon aione posa yake tangu mwanzo. Walivua viatu, wakapiga magoti wanawake, wakainama wanaume, Jovitha akatua kikapu, kijana akapitisha kibakuli cha buni za kutafuna. Na ukutani, juu ya kichwa cha mzee Byarugaba, karibu na picha ya Bikira Maria, kulikuwa na saa ya ukutani, ya betri, ya mishale.

Saa nane na dakika kumi na nane.

Jovitha aliiona wakati bado yuko magotini. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni saa nane na robo imepita," na watu wote wakamtazama, maana msichana wa kikapu hasemi.

"Ndiyo, binti," Byarugaba alisema kwa upole. "Tumewachelewesha, mtusamehe."

Gosbert aliitazama saa ya ukuta. Kisha simu yake. Uso wake ulipita mambo mengi, na hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa aibu. Alitoa ufunguo na simu, akampa Jovitha bila kumtazama. "Haya, nenda. Mara moja. Halafu uirudishe, Gideon anasubiri."

Jovitha alikimbia bila viatu. Adventina alimfuata. Simu ilidai namba ya siri. Wakarudi mlangoni kuiuliza. Gosbert akaitaja mbele ya watu kwa hasira. Mtandao ukashika. Ulishika vizuri ajabu. Picha ikatokea safi, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, na mwanaume pembeni yake anafunga faili.

"Shikamoo," Jovitha alisema. Alikuwa anahema. "Mimi ni Jovitha Telesfori, wa Karagwe, nilikuwa..."

"Jovitha." Yule mama aliangalia karatasi. "Binti yangu, tumekuita mara tatu. Sasa ni saa nane na dakika ishirini na tatu."

"Nilikuwa hapa. Nilikuwa kwenye gari, mtandao nilikuwa nao, ila saa..."

"Ulikuwa na mtandao?"

"Ndiyo. Tangu saa saba."

Alisema kweli, mtoto wa watu, na kweli yenyewe ndiyo iliyommaliza. Yule mama alivua miwani. "Ungesema hukuwa na mtandao ningejaribu kuwaombea wenzangu wakusikilize. Wako wanaopanda vilima kutafuta mtandao. Wewe ulikuwa nao saa nzima hukuingia. Nafasi yako imeshapewa aliyefuata, tunaye sasa hivi anasubiri. Omba tena mwakani kama mradi utakuwepo."

"Mama, naomba," Adventina aliingiza kichwa kwenye picha. "Si kosa lake. Huku mpakani saa zinarudi nyuma, mwenye gari alikataa, niliwaambia..."

"Pole sana, mama," alisema yule, na kwa sauti yake alimaanisha. Picha ikaondoka. Kioo kikabaki na saa yake: saa saba na dakika ishirini na nne.

Jovitha aliiweka simu juu ya kiti taratibu. Alijifuta vumbi miguuni, mguu mmoja kisha mwingine, akaichukua tena.

"Turudi ndani," alisema. "Watatusema."

*

Ndani Gosbert alishaanza. Alipokea simu, akamrudisha Gideon kwenye kioo, akamwegemeza kwenye kibuyu ili aone vizuri. Hakuuliza. Alisema maneno ya posa, na lazima isemwe kwamba aliyasema vizuri: ukoo, heshima, Bukoba, nyumba ya vyumba vinne, binti yenu atakaa kwetu kama yai. Telesfori aliitikia kila penye kuitikia. Jovitha alikaa kwenye mkeka karibu na mlango. Kemirembe alimwegemea Adventina akamnong'oneza, "Amepata?" Adventina alimtazama mkono wake, mahali gauni lilipofunika, mpaka Kemirembe akageuza uso.

Byarugaba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafanya kile ambacho baba wa binti hufanya kwao, akamwacha msemaji, akamgeukia aliyewaleta.

"Adventina, mwanangu. Wewe ni wa kwetu, tulikuoza sisi wenyewe. Umeishi na watu hawa miaka ishirini na mmoja. Maneno yao nimeyasikia, mazuri. Sasa nakuuliza wewe. Vero akienda kule, siku akawa na neno la kusema, atasikilizwa?"

Swali hilo huulizwa katika kila posa, na jibu lake linajulikana. Mleta wageni hupiga magoti, anasema atasikilizwa kama mtoto wa nyumbani, wanawake wanapiga vigelegele, kibuyu kinafunguliwa. Mlangoni wanawake walishajiandaa. Gosbert alishaanza kutabasamu.

Adventina alipiga magoti.

Alimwona Gideon kwenye simu, amesogeza uso karibu, anasubiri. Kijana hakuwa na kosa lolote. Alilijua hilo, na lilimuuma, na halikutosha kumzuia.

"Hapana," alisema.

"Sijakusikia, mwanangu."

"Hatasikilizwa, baba. Mimi sisikilizwi. Leo tangu asubuhi nimesema neno moja, nimelisema nyumbani, nimelisema Omurushaka, nimelisema mlimani, nimelisema hapo nje kwenye ua wako. Lilikuwa neno dogo, la saa ngapi. Nimeambiwa ninyamaze, na mwanangu yule pale amekosa chuo kwa sababu nilinyamaza. Na huyu mama," akamwonesha Kemirembe, "alijua, na hakuthubutu hata kufungua mdomo. Sasa wewe umeniuliza, na mimi siwezi kukudanganya kwa ajili ya mtoto wako."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Kutoka kwenye simu sauti ya Gideon ilisikika, "Mama mdogo? Baba, umefanya nini?" Gosbert aliidaka akaizima.

"Mzee, huyu ana wazimu," alisema. "Tangu asubuhi ana wazimu. Muulizeni mume wake."

Byarugaba alimgeukia Telesfori. "Haya, mwanangu. Mkeo amesema uongo?"

Telesfori alitazama mikono yake. Adventina alimsubiri, hata baada ya yote aliyoyaona siku hiyo, alimsubiri.

"Ana hasira tu, mzee," Telesfori alisema.

"Ndiyo," Adventina alisema. "Nina hasira."

Byarugaba aliinuka. Alikichukua kibuyu mwenyewe, kimefungwa vilevile kilivyokuja, akakiweka mbele ya Gosbert. Hakutukana, hakupandisha sauti. Alisema ahsante kwa kuja, alisema watajadiliana, na kila mtu mle ndani alielewa. Nyuma ya pazia la chumbani mtu alikimbia, na mlango wa nyuma ukabamizwa. Huyo alikuwa Vero.

*

Nje Gosbert alipita mbele ya Adventina kama vile hapakuwa na mtu. Alitupa kikapu kwenye buti. Kemirembe aliingia, akafunga mkanda, akakaa anatazama mbele.

"Huyu hapandi gari langu," Gosbert alisema. "Wala mtoto wake. Wamefika kwao, wakae kwao. Telesfori, panda."

Telesfori alisimama kati ya gari na mkewe. Alisema, "Mama Jovitha, si ungesubiri tukafika nyumbani? Si tungeongea?"

"Na nani?"

Jovitha alimtazama baba yake, hakumsaidia kwa neno lolote.

"Telesfori!" Gosbert aliita.

Telesfori akapanda. Alikaa kiti cha nyuma peke yake, na gari likageuka, likapiga honi kuku wapishe, likapanda kuelekea mlimani na mtandao wake.

Jovitha alivumilia mpaka lilipopotea kwenye kona. Kisha akakaa chini pale pale njiani, kwenye vumbi, na gauni lake la posa, akalia kwa sauti kubwa, kilio cha mtu aliyefiwa, hata wanawake wa Byarugaba wakatoka mpaka uani. Mmoja wao alitaka kwenda kumtuliza.

"Mwache," Adventina alisema. Akakaa chini kando ya mwanawe, na hakumwambia anyamaze.